Sanduku Moja Lililotoka Mtaroni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Leontina Cernat kilikuwa ngumi yake. Ilikuwa inapiga mlango wa tela letu asubuhi na mapema, na kila ilipotua bati lilitetemeka na vikombe vikagongana kabatini. Baba alipofungua, ngumi ilibaki hewani, nyekundu, haina pete. Nyuma yake ndipo nikamwona mwenyewe: mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kitambaa kichwani, miguu ndani ya magambuti makubwa ya marehemu mumewe.

"Nani ameacha sega wazi nje?"

"Sega lipi tena, jirani?" Baba alikuwa bado anafunga mkanda.

"Lile la kwenye beseni, Simion, usinifanye kipofu! Asali inachuruzika pale kama bomba la mjini. Nyuki wangu wameshaionja. Mnawafundisha wizi, na kesho watavunja masanduku ya kila mtu hapa, halafu watu watasema nyuki wa Leontina hawana adabu!"

Baba aliomba radhi, akaenda kulifunika beseni. Leontina hakuitikia radhi ile. Aliondoka akisema peke yake, na jioni akatuletea bakuli la jibini ya kondoo, akaliweka kwenye ngazi yetu kama mtu anayetua jiwe, akageuka akaenda zake.

"Huyo keshasamehe," Baba akasema, akacheka.

Sisi watu wa mizinga ya magurudumu hatuna anwani kuanzia majira ya maua mpaka mwisho wa kiangazi. Tunaanza na migunga ya maua meupe kwenye vilima vya mchanga vya kusini. Migunga ikikauka tunavuka mto Danubi kufuata misitu ya tei, ile miti mirefu yenye vijiua vya rangi ya siagi ambavyo asali yake inanukia mnanaa. Tei ikiisha tunashuka kwenye alizeti. Kila familia ina tela lake. La Leontina lilijengwa na mumewe, Toader, juu ya mifupa ya basi kuukuu la mjini. Kuta zake mbili zilikuwa masanduku ya nyuki yaliyopangwa moja juu ya jingine, milango ikitazama nje, kila mlango na rangi yake ili nyuki wasikosee nyumba. Katikati mlikuwa na ujia mwembamba, na mbele chumba kimoja chenye kitanda, jiko na picha ya mtakatifu iliyosawijika kwa moshi.

Toader alifia kwenye alizeti, kofia usoni, watu wakidhani amepumzika. Baada ya mazishi kila mtu alitarajia Leontina auze tela na kurudi kijijini. Badala yake alimpa mpwa wake nyumba ya kijijini, akanunua rangi, akaipaka upya milango yote. "Kijijini nitafanya nini?" alisema. "Nihesabu kuku wa jirani?"

Kuendesha hakujua na hakutaka kujua. Tela lake lilivutwa na lori kuukuu la jeshi, na dereva alikuwa Pamfil, mdogo wake Toader, mwanamume mrefu, mpole, mwenye masikio yaliyosimama. Wawili hao waligombana kutoka mgunga wa kwanza mpaka alizeti ya mwisho.

"We Pamfil, leo umebeba mayai au umebeba maiti? Mbona unatambaa?"

"Nimekubeba wewe, shemeji. Sasa sijui nikuweke fungu gani."

Sheria inakataza mtu kukaa ndani ya tela likiwa mwendoni. Wazee wetu wanaijua sheria hiyo na hawaifuati, na Leontina hakuwahi kuifuata hata safari moja. Kabla ya kuondoka, milango ya masanduku hufungwa kwa wavu ili nyuki wasitoke njiani. Wakifungiwa, hupata joto. Wakipata joto hupandisha sauti, na sauti ikishapanda namna fulani muda unaobaki ni mdogo: nta inalainika, masega yanaanguka, kundi zima linafia ndani ya asali yake. Dereva hawezi kusikia hayo. Ndiyo maana Leontina alisafiri amelala kitandani, sikio kwenye mbao, simu mkononi.

Mwisho wa Mei migunga ilikwisha. Tulifunga nyavu machweo, nyuki walipokwisha kurudi, sisi mbele na lori la Pamfil nyuma yetu. Hesabu yetu ilikuwa kufika kwenye tei kabla ya jua kupata nguvu. Lakini pale kwenye kivuko cha Danubi lori la nguruwe lilikuwa limekwama kwenye daraja la pantoni, na foleni ikaganda. Tulipovuka, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mashamba ya shayiri na kioo cha gari kilikuwa cha moto.

Barabara pale imenyooka. Haina shimo wala kona. Niliangalia kwenye kioo cha pembeni nikaona lori la Pamfil linaelekea taratibu ukingoni, taratibu kabisa, kama mtu anayekwenda kumsalimu rafiki upande wa pili. Kisha nikaona vumbi.

Baba aligeuza gari katikati ya barabara. Tulipofika, lori lilikuwa limechomeka pua mtaroni na tela limelala ubavu wa kushoto. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa chini yake. Milango ya kulia ilikuwa inatazama mbinguni, nyavu zimechanika, na nyuki walikuwa wanapanda kama moshi wa tanuri. Pamfil alikuwa amekaa kwenye majani, damu inamtoka kwenye paji la uso, anarudia neno lile lile.

"Shemeji yumo ndani. Shemeji yumo ndani."

Kabla hatujafika, kioo cha dirisha dogo kilidondoka. Likatokea gambuti moja, halafu la pili, kisha Leontina mwenyewe, akiteleza juu ya bati, mkono wa kulia ukining'inia vibaya, nywele zake zimejaa nyuki. Baba alimkimbilia.

"Msinishike mimi! Shikeni masanduku!"

"Jirani, mkono wako umevunjika."

"Kwani yanabebwa na mkono wangu? Si una miwili wewe!"

Tuliingia mtaroni. Tulichomoa masanduku ya safu ya juu yaliyokuwa bado na umbo, tukayapanga kwenye shayiri, kando. Leontina alitembea kati yake akiinama kusikiliza, mkono mzima ukiushika ule uliovunjika, akitukana kwa sauti jua, kivuko, na nguruwe waliokwama.

Zimamoto walifika pamoja na askari wa barabarani. Mkuu wa zimamoto hakutoka garini mwanzoni. Alisema kupitia upenyo wa dirisha, upana wa vidole viwili. Magari yalikuwa yamesimama pande zote, na ndani ya basi moja kulikuwa na mtoto aliyeumwa mdomoni, midomo imevimba. Hilo lilikuwa kweli. Nilimwona mtoto huyo na nilimhurumia.

"Mama, sogea. Tunapiga povu."

"Subiri jioni," Leontina akasema. "Jua likishuka watarudi wenyewe kwenye masanduku, wote, nitafunga nyavu na hutawaona tena maisha yako. Toa magari yapitie njia ya shamba, ile pale."

"Siwezi kufunga barabara mpaka jioni kwa ajili ya wadudu. Barabara ni ya watu."

"Na mimi ni nani? Mdudu?"

Alisimama mbele ya mpira wa maji. Askari wawili walimvuta kwa mkono wake mzima, kwa adabu, wakimwita mama, mama, na povu likapita juu ya vichwa vyao. Lilikuwa jeupe, zito. Lilifunika tela, likafunika mtaro, likafika mpaka kwenye shayiri tulikokuwa tumepanga masanduku, ingawa masanduku yale yalikuwa mbali na barabara na hayakuwa yamemuuma mtu. Mvumo wa nyuki ulizimika kipande kwa kipande. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nimejaribu mara nyingi kuwa mwadilifu kwa mkuu yule: aliogopa, mtoto alikuwa analia, magari yalikuwa yanapiga honi. Lakini njia ya shamba ilikuwa pale, tupu, na hakugeuza hata shingo kuitazama. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Sanduku moja tu lilibaki na uhai. Lilikuwa la mlango wa bluu, na Baba alikuwa amelikalia.

Gazeti la mkoa liliandika kwa herufi kubwa: NYUKI WA WAZURURAJI WAFUNGA BARABARA. Leontina alilisoma zahanati asubuhi iliyofuata, wakati wanamfunga upya mkono. Alilitupa kwenye ndoo ya bandeji chafu.

"Mzururaji ni mtu asiyejua aendako," alimwambia muuguzi, kana kwamba muuguzi ndiye mhariri. "Mimi najua mpaka mti!"

Hakukubali kulazwa zaidi. Tulimpeleka alikokuwa anakwenda, ukingoni mwa msitu wa tei, kwenye uwanja ambao familia zetu huweka kambi kila mwaka. Jirani mmoja alimwazima kibanda kidogo cha magurudumu. Sanduku la bluu liliwekwa mbele ya dirisha lake. Maua ya tei yalikuwa bado vifundo vya kijani.

Siku ya pili akaja Otilia, binti yake, kutoka mjini. Otilia anafanya kazi ofisini na anavaa viatu safi, lakini alizaliwa wakati wa alizeti na alijifunza kutembea kwenye ujia wa tela lile. Alimkumbatia mama yake kwa uangalifu, akamtazama uso uliovimba, akaanza.

"Mama, imetosha."

"Nini imetosha? Hata chai hujanywa."

"Umepinduka ukiwa umelala kitandani kati ya kuta za nyuki. Ungekuwa upande wa kushoto tungekuzika na masega. Chumba kipo kwangu, kina dirisha, kina kitanda kisichotembea."

"Na nyuki?"

"Nyuki gani, mama?" Otilia alivaa wavu wa uso, akafungua sanduku, akapitia fremu za masega moja moja kama mtu aliyefanya hivyo jana. Alipofika katikati alisimama. Malkia mzee alikuwa amebanwa kati ya masega mawili, mkavu. "Hawana mama. Nilikulia humu, usinidanganye. Wana mayai aliyoyaacha, basi. Na wenyewe wachache hivi."

"Watajitengenezea malkia."

"Wakiweza kumpasha joto. Akizaliwa. Akitoka kuolewa na akarudi."

"Ndiyo, akirudi! Kwani mie nimesema nini?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Otilia akanyoosha mkono. "Sikiliza. Tei ikichanua na sanduku hili halina malkia aliyerudi salama, unaingia kwenye gari langu bila kelele."

"Na akiwa karudi?"

"Basi kelele sitapiga mimi. Wala sitakuuliza tena mpaka ufe."

Leontina alimpiga kofi la kiganja kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya wauzaji wa ng'ombe. Otilia aliomba likizo kazini, akalala kwenye kibanda, mgongo kwa mgongo na mama yake.

Kwetu kuna desturi. Mtu akipoteza nyuki, kwa moto au kwa mafuriko au kwa ugonjwa, kila jirani wa kambi humletea fremu moja ya majana yaliyofunikwa, yaliyokaribia kutoka kuwa nyuki, pamoja na nyuki walezi waliokuwa juu yake. Haidaiwi na haitajwi tena. Jioni ile walikuja, kila mmoja na fremu yake ndani ya kitambaa chenye maji, Baba mbele.

Leontina alisimama mlangoni. "Rudisheni."

"Leontina, ni desturi," Baba akasema.

"Mimi sijafa mje mnizike kwa michango. Rudisheni kabla hawajapoa."

Wakarudi. Baba hakula. Alisema amewahi kumwona Leontina akimkatalia askari, padri na mganga wa mifugo, lakini hakuwahi kumwona akikataa nyuki.

Pamfil naye alikuwa anakaa mwisho wa uwanja, karibu na rundo la kuni, kichwa kimefungwa bandeji. Watu hawakumsalimu. Dereva aliyesinzia na nyuki nyuma yake hana maneno ya kujitetea, na yeye hakujitetea. Usiku alilala kwenye kibini ya lori letu. Wakati wa chakula alikuja na sahani yake, akapakuliwa ugali wa mahindi ya njano, akaenda nao kwenye kuni zake. Otilia ndiye aliyemsemesha, na ingekuwa afadhali angenyamaza.

"Baba mdogo, baba alijenga lile tela kwa mikono yake. Umemuua mara ya pili."

Pamfil aliinamisha kichwa. Leontina alikuwa anasonga ugali kwa mkono wa kushoto. Alizidi kusonga, kwa nguvu, mwiko ukigonga sufuria. Nilishangaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona ugomvi umewashwa karibu naye na yeye asitie kuni.

Nyuki wa sanduku la bluu wakajenga vyumba viwili vya malkia, virefu, vyenye mikunjo, kama maganda ya karanga yanayoning'inia. Halafu mvua ikaja, ya baridi, kutoka upande wa bahari. Nyuki walikuwa wachache mno kwa baridi ile. Ukiweka kiganja juu ya sanduku ulihisi joto dogo tu, mahali pamoja, kama la yai lililotagwa sasa hivi. Leontina alilifunika kwa blanketi lake, kisha kwa koti la Toader, kisha akakaa nje kwenye mvua akiitukana.

"Mama, chukua majana ya watu," Otilia alisihi. "Hawa hawatoshi. Chumba kikipoa malkia atafia ndani, na mimi sitaki kushinda kwa namna hiyo."

"Sitaki nyuki wa huruma."

"Si huruma, ni desturi! Wewe mwenyewe ulimpelekea Simion mwaka ule wa mafuriko. Nilibeba mimi!"

"Nimesema sitaki!"

Jioni hiyo tulikula chini ya turubai, wote pamoja kwa sababu ya mvua, hata Pamfil, aliyejibanza kwenye nguzo. Aliposogeza sahani apakuliwe, Otilia akamwekea tonge kubwa.

"Kula, baba mdogo. Kula ushibe ukalale. Kulala tunajua unaweza."

Mwiko uliruka. Ulipita juu ya meza ukagonga nguzo, karibu na sikio la Pamfil, ukaanguka matopeni.

"Mwache!" Leontina alikuwa amesimama. "Mwache, nasema! Alinipigia simu!"

"Nani?"

"Huyu hapa! Baada ya kivuko. Akaniambia, shemeji, macho yanafumba yenyewe, nisimame kidogo chini ya miti. Nikamwambia ukisimama nakushusha nakuacha hapo hapo, uende kwa miguu kwa mama yako. Nyuki walikuwa wanalia! Upepo ukikatika wanakufa! Kila mtu hapa anajua, hakuna kusimama na nyuki wakati wa jua. Nikamwambia usisimame. Na mimi nimelala kitandani! Mimi nimejinyoosha, namwamuru mtu aliyekesha asifumbe macho!"

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Baba aliweka kijiko chini.

"Mbona hukusema?" Otilia akauliza polepole.

"Nilikuwa na hasira."

"Na nani?"

"Na nani, na nani! Na wote! Na yule wa nguruwe. Na yule wa povu. Na gazeti. Nilikuwa nawapanga foleni, namaliza mmoja namwita mwingine, na mimi niko mwisho kabisa huko, najificha nyuma ya mgongo wa Pamfil. Foleni ikawa inaisha." Alimgeukia Pamfil kwa ukali ule ule. "Na wewe una mdomo wa nini? Siku zote hizi unatukanwa umekaa kama gogo! Kwa nini hukuwaambia?"

Pamfil alifikiri. "Mguu wa breki ulikuwa wangu, shemeji. Ningeweza kusimama."

"Ungesimama ningekutukana!"

"Ndiyo. Niliogopa hilo kuliko mtaro." Akanusa hewa. "Ugali unaungua."

Kuna mtu alicheka, nadhani alikuwa Baba. Otilia hakucheka. Alitoka mvuani, akaokota mwiko, akauosha, akampakulia baba yake mdogo upya, mara hii akamwekea na jibini, akakaa karibu naye kwenye nguzo. Hakumwomba radhi kwa maneno. Amefanana na mama yake.

Asubuhi, kabla jiko halijawashwa, Leontina alikuja akasimama mbele ya tela letu akitazama pembeni.

"Simion. Yale majana. Bado yapo?"

"Yapo."

"Basi usinitazame hivyo. Lete. Waambie na wengine walete. Yaliyofunikwa tu, sitaki yai la mtu ndani, malkia nataka wa kwangu."

Wakaleta. Otilia aliziingiza fremu, Pamfil akishika bomba la moshi wa kutuliza nyuki, Leontina akiwafokea wote wawili kwamba wanashika kama wanapanga sahani za harusi. Baada ya siku chache majana yalitoka yakawa nyuki wachanga, wenye manyoya ya kijivu, na ukiweka kiganja juu ya sanduku ulihisi joto kutoka kona hadi kona. Kisha jioni moja Leontina akaweka sikio kwenye mbao, akainua kidole. Tukasogea. Ndani, kitu kilikuwa kinalia, sauti nyembamba, ndefu, kama filimbi ya mtoto iliyofungwa kwenye boksi. Malkia wa kwanza alikuwa ametoka, na alikuwa anamtafuta mwenzake amuue.

"Msikilizeni," Leontina akasema. "Ana hasira."

"Kwa nani tena hizo," Pamfil akasema.

Lakini malkia aliyezaliwa bado si malkia. Lazima atoke, mara moja, mchana wa jua usio na upepo, aende juu huko waliko madume, kisha arudi na apate mlango wake mwenyewe kati ya milango yote ya kambi. Asiporudi hakuna wa pili: yai la kumtengeneza halipo tena. Mvua ikakatika lakini upepo ukabaki. Siku zikapita. Vifundo vya tei vilianza kuwa vya njano, na Otilia aliviangalia kila asubuhi, na Leontina alimwangalia akiviangalia. Juu ya waya wa umeme walikuja kukaa ndege walao nyuki, wazuri, shingo za njano, migongo ya rangi ya kutu, wamejipanga kama watu wanaosubiri kufunguliwa hoteli. Leontina aliwarushia mabonge ya udongo kwa mkono wa kushoto na hakumpata hata mmoja.

"Subirini mkono wangu upone, washenzi nyie!"

Leo upepo umetulia. Tangu asubuhi majani ya tei hayajacheza, na harufu imeanza: upande wa kusini wa msitu, ule unaopata jua kwanza, kuna tawi limechanua. Otilia ndiye aliyeliona. Alirudi na kijiua kimoja kiganjani, akamwonyesha mama yake, akakiweka mezani kati yao.

"Tawi moja si msitu," Leontina akasema.

"Sijasema kitu, mama."

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limekaa juu ya uwanja, nyuki wa sanduku la bluu walianza kutoka kwa wingi na kucheza hewani mbele ya mlango. Leontina alipiga magoti. Kisha tukamwona malkia sote: mrefu kuliko wengine, mwekundu-mwekundu, miguu kama nyuzi za dhahabu iliyochafuka. Alitembea mpaka ukingo wa ubao. Akarudi. Akatoka tena, akaruka, akageuka hewani kuutazama mlango, akazunguka duara dogo, kisha kubwa, kisha akapanda juu ya paa la kibanda na hatukumwona tena.

Tangu hapo hakuna anayefanya kazi kambini. Pamfil yuko chini ya waya, anapiga sufuria kwa mwiko, na ndege wameruka lakini hawajaenda mbali. Baba amewazuia watu wote wasivuke uwanja. Otilia amelala kifudifudi kwenye majani, kando ya sanduku, viatu vyake safi vimejaa udongo, macho hayatoki kwenye ubao wa kutua. Leontina amesimama nyuma yake, mkono mmoja kifuani kwenye kitambaa, mwingine umekunjwa kuzuia jua.

"Nani huyo kivuli chake kiko mlangoni? Toka hapo! Atapotea!"

"Ni wewe mwenyewe, mama."

Leontina anasogea. Anaguna. Wingu dogo linapita na kila mtu anaangalia juu, na linaondoka.

"Mbona anakawia?"

"Hajakawia bado."

"Wewe umejuaje? Tazama tu. Akitua angalia mkiani, kama ana uzi mweupe, ndiyo alama kaolewa. Usinung'unike, tazama!"

"Natazama, mama."

Nyuki mmoja anatua kwenye ubao, mzito, na Otilia anainua kichwa. Ana chavua miguuni. Ni mfanyakazi tu. Anaingia ndani, na nyuma yake wenzake wamepanga mstari mlangoni, mikia juu, wanapeperusha mabawa ili harufu ya nyumba ipande hewani, imwelekeze aliye nje.